Mbasela ya Mbebaji

Kabla hajaitwa Mama Rosa, Winifrida aliitwa Mashine. Jina hilo alipewa na makarani wa ushirika wa kahawa pale Mbinga mjini, alikokuwa akipiga chapa tangu alipotoka kwa masista waliomfundisha kazi. Karani mwenye barua ya haraka hakusema ipelekeni kwa Winifrida. Alisema, "Ipitisheni kwa Mashine." Naye hakuchukia. Alikuwa binti wa Matiri, darasa la saba, na dada zake wote walikuwa wameishia shambani kwenye mahindi na kahawa. Vidole vyake vilikuwa vimepata mlango ambao miguu ya wengine haikuupata.

Kisha ushirika ukafa. Ulikufa kama afavyo mzee mwenye watoto wengi: kila mtu alijua anaumwa, hakuna aliyempeleka hospitali. Wanunuzi binafsi walikuja na malori na mizani yao, wakanunua kahawa kandokando ya barabara, na maghala yakabaki na popo. Mishahara haikutoka. Makarani wakagawana vilivyobaki. Huyu alichukua meza, yule mlango. Winifrida akachukua mashine yake ya chapa, akajitwika, akaenda kuiweka barazani kwa fundi cherehani karibu na stendi. Hapo akawa anawaandikia watu barua.

Ni hapo Kilian alipomkuta. Kilian alikuwa mtu wa ziwani, wa Ngumbo, akipandisha usipa mkavu, dagaa wa kwao, kuuza mjini. Siku ya kwanza alisimama mbele ya ile mashine akinuka samaki na akasema, "Niandikie kwamba mimi ni mtu mwaminifu."

"Barua inakwenda kwa nani?"

"Wewe andika kwanza. Wa kuipokea tutamtafuta."

Fundi cherehani alicheka mpaka uzi ukamkatikia. Barua ile haikufika mbali. Aliyeipokea ni mwandishi mwenyewe, na mwaka uliofuata walifunga ndoa. Akazaliwa Rosa.

Rosa alipoanza kukaa mwenyewe, wateja walikuwa wameanza kupungua. Mwalimu mkuu mmoja alirudisha barua ikiwa imekunjwa vilevile alivyopewa. "Samahani, Mama Rosa," alisema, akiangalia pembeni. "Wanasema siku hizi wanataka za kompyuta. Hizi za kugongagonga hawazisomi." Baada yake akaja mwenyekiti wa kijiji na maneno hayohayo. Baada ya mwenyekiti hakuja mtu. Kuna siku Winifrida aliingiza karatasi kwenye mashine, akaigonga herufi moja tu ili wapita njia wasikie kuwa pana kazi.

Upande wa pili wa barabara lilikuwa duka la Othmar. Othmar aliuza redio, betri, pasi na vioo vya baiskeli. Siku moja alishusha kutoka Dar es Salaam kompyuta kadhaa, akazipanga dirishani zikiwa bado zimevaa nailoni. Watoto walikuja kujitazama kwenye vioo vyake vyeusi. Watu wazima walikuja, wakauliza inaonyesha mpira, wakaambiwa hapana, wakaondoka. Vumbi la kiangazi likaingia, mvua zikaingia, kompyuta zikabaki palepale.

Mwaka huo mnara wa simu ulisimama kilimani. Mji ukashikwa na homa. Kila mtu alitaka simu, na simu iliyotakwa ilikuwa moja, ile yenye tochi kichwani. Mtu aliyekuwa nayo aliwasha tochi mchana. Othmar akaona njia. Akachukua ubao, akapaka rangi nyeupe, akaandika kwa nyekundu: NUNUA KOMPYUTA, BEBA SIMU BURE.

Mji mzima ulikuja kuusoma ule ubao.

"Othmar," alisema mnunuzi mmoja wa kahawa, "nipe simu, na televisheni yake nitakuja kuichukua kesho."

"Si televisheni, na haviachani."

"Basi umetengeneza simu nzito kuliko zote Tanzania."

"Bure hiyo, bwana."

"Bure inayobebwa na watu wanne siitaki."

Winifrida alikuwa barazani kwake, Rosa mgongoni, akisikia. Wenzake walicheka kwa sababu ya simu. Yeye alikuwa akiangalia ile kompyuta ya kati, ambayo kibodi yake ilikuwa na herufi zilezile, zimekaa palepale. Alikuwa ameshakwenda kuzigusa, Othmar alipokwenda kula. Vidole vilijua njia.

Kwa Kilian ilikuwa kinyume. Kilian alitaka simu. Kwa mara ya kwanza tangu waoane, mume na mke walitaka kwenda duka moja siku moja, kila mmoja kwa lake.

Marehemu baba yake alikuwa amemwachia Winifrida miti ya kahawa, kipande cha chini kule Matiri, karibu na kijito. Ndicho kitu pekee duniani kilichokuwa chake. Aliiuza kahawa ile ikiwa bado maua. Biashara hiyo Mbinga inaitwa magoma: unapewa fedha leo, kahawa ya msimu unaokuja si yako tena, na watu huitaja kwa sauti ya chini kama wanavyotaja ugonjwa. Yeye aliuza misimu zaidi ya mmoja. Mashine ya chapa nayo akaiuza kwa mtu aliyetaka chuma. Alipoiona ikifungwa kwenye gunia alitazama upande mwingine, akamrekebishia Rosa mbeleko ambayo haikuwa imelegea.

Siku ya kununua, Kilian alikuja na baiskeli na kamba za katani. Walifunga boksi la kioo nyuma, boksi lingine Kilian akajitwika kichwani. Othmar alipoona kila kitu kimekaa, akatoa kile kiboksi kidogo na kukiweka juu kabisa.

"Na nyongeza yenu hii hapa."

Kilian akakichukua, akakitia mfukoni, akafunga kifungo.

Huko ziwani, mtu akinunua usipa, muuzaji akishajaza kipimo hutupia konzi moja juu. Hiyo wanaiita mbasela. Mbasela haiingii kwenye hesabu ya nyumba. Ni ya yule aliyebeba kapu, awe mtoto, awe mchukuzi, na mwenye kapu akiiulizia, watu humtazama kama mchoyo. Wala hairudishwi. Ukirudisha usipa kwa sababu wameoza, unarudisha kipimo; mbasela imeshakwenda na aliyebeba. Kule Matiri kwa kina Winifrida haikuwa hivyo. Nyongeza iliingia chunguni na vingine. Lakini alikuwa ameolewa na mtu wa ziwani, na ule ubao wenyewe ulisema beba, na aliyebeba alikuwa Kilian, jasho likimtoka. Mke anayegombania konzi ya usipa na mumewe atakula nini kesho? Alitazama kile kifungo, kisha wakaenda.

Kwa muda mambo yalikuwa mazuri. Isemwe tu kwamba yalikuwa mazuri, kwa sababu yeye mwenyewe husema hivyo. Alipanga chumba kidogo chenye umeme nyuma ya duka la dawa. Printa hakuwa nayo. Alipiga barua, akaiweka kwenye disketi, akaifunga disketi kwenye pindo la kanga, akaenda nayo parokiani kwa Sista Hildegardi, ambaye alimchapia. Watu walileta kadi za michango ya harusi, ratiba za mazishi, barua za kuomba uhamisho. Wapo waliokaa tu mlangoni kutazama jinsi neno lililokosewa linavyofutika bila kuacha jeraha. Mzee mmoja alisema, "Kumbe Mashine hajafa." Jina likarudi. Rosa alijifunza kusimama akishika mguu wa meza ile.

Simu haikukaa sana mjini. Kilian aliwasha tochi yake majuma machache, kisha akashuka nayo Ngumbo kwa mama yake, na akarudi bila nayo. Winifrida hakuuliza. Ilikuwa mbasela.

Mvua kubwa zilipoanza, umeme ukawa wa kuja na kuondoka. Mchana mmoja ulirudi kwa kishindo. Taa ikawaka kama jua, ikapasuka, na ndani ya kompyuta kitu kikalia kama punje ya mahindi kwenye moto. Harufu ya pumba zilizoungua ikajaa chumbani. Winifrida alichomoa waya, akangoja, akachomeka. Akabonyeza. Akabonyeza tena taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa.

Alimpelekea Othmar siku hiyohiyo. Othmar alifungua, akanusa, akafunga.

"Usihofu, Mama Rosa. Mwaka wa dhamana haujaisha. Inarudi Dar, wanakupa nyingine."

Winifrida alishusha pumzi mpaka Rosa mgongoni akashtuka.

"Lete na ile simu," Othmar aliendelea, akitafuta boksi.

"Simu ipi?"

"Ya seti. Wao kule wanahesabu seti. Kompyuta na simu kitu kimoja. Nikituma nusu, wanaitupa pembeni."

"Lakini ile ilikuwa nyongeza. Wewe mwenyewe ulisema nyongeza."

"Nilisema." Othmar alikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa na madeni yake. "Ni namna ya kuongea, mama. Nyongeza ni ya samaki. Hii ni biashara ya kampuni. Lete simu, mimi nitumie mzigo na gari la mwisho wa mwezi."

Nyumbani, Kilian alikuwa ameipindua baiskeli, akiifunga mnyororo.

"Baba Rosa, simu iko kwa mama?"

"Iko."

"Othmar anaitaka. Bila hiyo, kompyuta hairudi."

Kilian alizungusha gurudumu, akalitazama likizunguka. "Mbasela hairudishwi. Hata yeye anajua."

"Yeye si mtu wa ziwani."

"Asingetoa, basi."

"Baba Rosa. Kahawa nimeuza. Mashine nimeuza. Nimebaki na nini?"

Kilian alilisimamisha gurudumu, akaushika mnyororo. Kisha akasema, "Mimi siwezi kwenda kumnyang'anya mama yangu. Nenda wewe, wewe ni mkwe, atakusikiliza." Alipolisema hilo vidole vyake vilikuwa vimeacha mnyororo, vimeshika hewa. Winifrida aliviona. Alidhani ni aibu ya mtoto kwa mama yake, akaliacha hilo lipite.

Alishuka na lori la mizigo, Rosa kifuani, kona baada ya kona, mpaka ziwa likatokea chini likiwa limelala. Kutoka Liuli alitembea ufukoni. Mama Eunice, mkwe wake, alikuwa akianika usipa juu ya mkeka. Winifrida alipiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Na huyu ndiye Rosa? Lete hapa. Mbona mwepesi hivi, huko milimani mnakula kahawa tu?"

Walicheka. Ugali ukapikwa, samaki wakaletwa. Winifrida hakulitoa neno lake. Si desturi kumwaga shida mlangoni.

Jioni, kabla jua halijazama, Mama Eunice alifungua kitambaa cheupe alichokuwa akivalia kanisani, akatoa simu. "Twende huku," alisema. Walipanda kilima nyuma ya nyumba, polepole kwa ajili ya magoti yake, mpaka kwenye jiwe lililosuguliwa na makalio ya watu. Hapo, alieleza, mtandao hupita. Haukai, hupita. Mama Eunice alikalia jiwe, akaweka simu sikioni bila kubonyeza kitu, akasikiliza.

"Unamsikiliza nani, mama?"

"Praygod."

Praygod alikuwa kitinda mimba wake. Winifrida alimkumbuka kwenye harusi, akicheza mpaka kiatu kikamtoka. Alikuwa ameondoka kwenda Chiwanda kuvua, na kutoka Chiwanda, watu walisema, alikuwa amevuka Msumbiji. Siku ya kuondoka alinakili namba ya simu ile kwenye kiganja, kisha kwenye pakiti ya sigara, akamwambia mama yake, "Nikipata pa kupigia, nitapiga." Tangu siku hiyo Mama Eunice alipanda kilima kila jioni. Chaji aliipata kwa mtu mwenye betri ya gari.

"Alisema atapiga," alisema. "Praygod ana mengi, ila si mwongo."

Winifrida alikaa kando ya jiwe, akimnyonyesha Rosa. Alikuwa na maneno yake tayari tangu kwenye lori, na sasa yote yalimwishia. Mama Eunice ndiye aliyesema.

"Hukushuka mlima wote huo na mtoto mdogo kuja kunisalimia tu. Sema."

Akasema. Alisema kuhusu umeme, harufu ya pumba, na Othmar na seti yake. Mama Eunice alisikiliza, simu ikiwa bado sikioni, kama mtu anayewasikiliza wawili.

"Mbasela hairudi kwenye kapu, mwanangu," alisema mwisho.

"Najua, mama."

"Hata siku moja sijaona." Akatazama ziwa. Chini, mtu alikuwa akivuta mtumbwi mchangani, na sauti ya mti ikikwaruza mchanga iliwafikia yote. "Huko Mbinga mtandao unapita au unakaa?"

"Unakaa, mama. Mchana kutwa."

"Kutwa?" Aliitoa simu sikioni, akaifuta kwa upindo wa kanga. "Basi chukua. Huko itakuwa kwenye njia nzuri kuliko hapa. Na huyo mwenye duka akikupa ile nyingine mpya, si itakuwa na simu yake? Utaniletea hiyo, na namba yangu mtaihamishia."

"Nitakuletea, mama."

"Na akipiga kabla hujaitoa," alisema Mama Eunice, akimwekea simu kiganjani na kuvifunga vidole vyake kimoja kimoja, "mwambie nipo."

Mbinga, Othmar aliichomeka simu kwenye chaji juu ya kaunta ipate nguvu, aijaribu. Alikuwa mchangamfu siku hiyo; alimpa Rosa pipi. Kisha aliigeuza simu, akafungua mgongo wake, akatoa betri, akasoma namba iliyobandikwa ndani. Akachukua kiboksi chake kitupu, ambacho Winifrida alikuwa amekileta kutoka nyumbani, akasoma namba ya boksi. Akasoma tena ya simu.

"Mama Rosa, hii siyo."

"Siyo nini?"

"Siyo niliyokupa. Inafanana, tochi hii hapa, lakini siyo. Hii imetumika Malawi huko, angalia."

Winifrida aliangalia. Namba za kwenye simu na namba za kwenye boksi hazikuwa ndugu hata kwa mbali. Yeye aliyekuwa amepiga chapa namba za magunia ya kahawa ya wilaya nzima hakuhitaji kuzisoma mara mbili.

"Hakuna namna?"

"Namna ingekuwepo ningekuwa nimeshaifanya." Othmar aliirudisha betri, akafunga mgongo wa simu kwa upole, kama anayefunika kitu. "Iache ijae chaji, angalau. Utaipitia jioni."

Alimkuta Kilian nyumbani, amekaa kizingitini. Kilian alimtazama mara moja tu, akajua kuwa anajua.

"Ilikuwa nzuri mno kwa mtu anayekaa pasipo mtandao," alisema kabla hajaulizwa. "Mbamba Bay mtu akanipa hii, akaniongezea wavu. Wavu mzuri. Nilisema Praygod atavulia nyumbani, asiende popote."

"Na wavu uko wapi?"

"Aliondoka nao."

Winifrida alikaa chini, mgongo ukutani. Hakulia, hakugomba. Ilikuwa kazi bure kutafuta mahali pa kukasirikia. Kilian alikuwa amepewa mbasela, naye akaibadilisha, akapata mbasela nyingine, na ile akampa mdogo wake abaki, naye akaitumia kuondokea. Kila mmoja alikuwa amefuata njia iliyo sawa, na mwisho wake ulikuwa hapa, kwenye boksi lenye kioo cheusi.

"Ungeniambia kabla sijashuka," alisema.

"Nilidhani hatatazama ndani."

Jioni alikwenda kuichukua simu. Othmar alikuwa akifunga madirisha. Alimpa, wakaagana, naye akavuka barabara. Alikuwa amefika mbele ya baraza la fundi cherehani, pale alipokuwa akikaa zamani na mashine yake, simu ilipolia mkononi mwake.

Alikuwa hajawahi kupokea simu. Aliona taa, akaona wengine wanabonyeza wapi, akabonyeza. Kulikuwa na upepo ndani yake, na kelele kama za soko, na katikati ya kelele sauti ya kijana.

"Shikamoo, mama."

Alitaka kusema mimi ni shemeji yako, lakini salamu ikishatolewa haingoji, mdomo wake ukaitikia wenyewe.

"Marahaba."

Mama Eunice huwaitikia watoto wake kwa Kinyasa, kwa kuvuta, na Praygod aliijua sauti ya mama yake.

"Nani mwenzangu? Mama yuko wapi?"

"Ni mimi, Winifrida, mke wa kaka yako."

"Mbona simu unayo wewe? Mama yuko wapi?"

"Mama hayupo," alisema Winifrida. Alitaka kuendelea: hayupo hapa, yupo Ngumbo, amesema nikuambie yupo, anakungoja kwenye jiwe. Hayo yote yalikuwa mdomoni. Lakini kijana alikuwa ameshalishika lile neno la kwanza, na Winifrida akamsikia akivuta pumzi, akisema taratibu, si kwake, ila kwa mtu aliyesimama karibu naye, "Mama hayupo tena." Kisha simu ikakatika.

Winifrida alisimama. Alisema "yupo" ndani ya simu iliyokufa. Alirudi mbio kwa Othmar, akagonga dirisha mpaka akafunguliwa. Othmar alipiga ile namba kwa salio lake mwenyewe, na kwa hilo apewe sifa. Alipokea mwanamume mzima, akaongea Kireno. Othmar akajaribu Kiswahili, akajaribu Kingoni. Winifrida akaichukua simu, akaita Praygod, Praygod, Praygod. Yule mtu akasema neno fupi lililofanana na pole, akakata. Kilikuwa kibanda cha simu, Othmar alisema. Watu hupiga, hulipa, huenda zao.

Walijaribu kesho yake na siku zilizofuata. Mwishowe namba ile ikawa haipatikani.

Winifrida aliirudisha simu Ngumbo yeye mwenyewe. Njiani kote alipanga maneno, akayafuta, akayapanga tena. Alitaka kusema kweli. Alikuwa ameamua. Mama Eunice alimwona kwa mbali, akaacha mkeka wake wa usipa, akaja akimlaki kwa yale magoti yake mabovu, na hakuuliza habari za kompyuta.

"Alipiga?"

"Alipiga, mama."

Mwanamke mzee alifumba macho, akayafumbua. "Sauti yake ilikuwaje?"

"Nzuri. Palikuwa na kelele, lakini nzuri."

"Alikusalimia?"

"Alisema shikamoo mama."

Mama Eunice alicheka, akajifuta pua kwa kiganja. "Na ulimwambia nipo?"

Rosa alikuwa ameanza kulia mgongoni. Winifrida alimfungua, akamleta mbele, akamtazama usoni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nilimwambia," alisema.

Jioni hiyo Mama Eunice hakupanda kilima. Winifrida alipomkumbusha, alitikisa kichwa. "Ya nini tena? Ameshaambiwa nipo. Sasa atakuja mwenyewe." Aliifunga simu kwenye kile kitambaa cheupe, akaitia chini ya sanduku la nguo, na akahamishia kiti chake upande wa mbele, unaotazama ziwa.

Asubuhi alimfungia mkwe wake usipa wa kupanda nao mlima. Alijaza kapu mpaka likafika ukingoni, akalisawazisha kwa mkono. Kisha akachota konzi moja, akaitupia juu.

"Na hii mbasela," alisema. "Hii si ya nyumba. Ni yako, wewe uliyebeba neno langu."

Winifrida alishukuru, akapiga goti, akajitwika. Kompyuta iko Matiri sasa, kwenye nyumba ya marehemu baba yake, imefunikwa kitenge. Kuku mmoja amezoea kutagia nyuma yake. Wakati wa kahawa Winifrida huchuma kule chini karibu na kijito, kwenye miti yake mwenyewe, kwa kibarua cha mwenye magoma. Bado ana vidole vyepesi. Wachumaji wenzake humwita Mashine.